Mzee Pole na Samaki Bati

Baba mkwe wangu alikuwa hajawahi kuua kitu. Nasema hivi bila kutia chumvi, maana mimi ndiye niliyeishi naye nyumba moja miaka kumi na minne, na mimi ndiye niliyekuwa nikishika ufagio. Mende akionekana jikoni, mimi natafuta kandambili, yeye anatafuta karatasi. Anamsogezea yule mende karatasi taratibu, anamsubiri apande kwa hiari yake, kisha anamtoa mpaka uani na kumuaga. Mende anarudi ndani kabla yake. Nilimwambia mara mia kwamba ni mende yuleyule, nimeshamjua kwa sura, naye akanijibu basi afadhali, angekuwa mwingine wangekuwa wawili.

Mtaani wanamwita Mzee Pole. Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mhudumu kwenye kliniki ya meno ya barabara ya juu. Alifungua mlango, alideki, alichemsha vyombo vya daktari, lakini kazi yake kubwa, ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wowote, ilikuwa kukaa kwenye benchi la chumba cha kusubiria na kuwaambia watu pole. Mtu anaingia shavu limevimba, pole. Mtu anatoka mdomo umekufa ganzi na pamba imejaa damu, pole sana. Mtoto akilia ndani, yeye huku nje anawapa pole wote waliosikia. Mwishowe likawa jambo la mwili, kama kupiga chafya. Akijikwaa kwenye kiti, anakiambia kiti pole. Siku ya harusi yetu alinishika mkono, akaniangalia usoni kwa huruma, akasema, "Pole, mwanangu." Mume wangu alidai baba amepitiwa. Baada ya miaka kumi na minne na huyo mume, naona mzee alijua anachosema.

Sasa, kwenye chumba kile cha kusubiria palikuwa na tangi la kioo la samaki. Daktari alilinunua ili wagonjwa wapate kitu cha kuangalia badala ya kuukodolea macho mlango. Samaki wa rangirangi walikuwa wakifa kila mwezi, na mzee akiwazika kwenye chungu cha maua pale dirishani, lakini walikuwepo sita wengine ambao kufa hawakujua. Weusi, wenye madoa, mdomo uko chini ya kidevu. Walikuja wakiwa wadogo kama kidole changu cha mwisho, na kazi yao ilikuwa kunyonya ule utelezi wa kijani unaoota kwenye kioo. Daktari aliwatania wagonjwa kwamba hao ndio wasaidizi wake, yeye anasugua ukoga wa meno na wao wanasugua ukoga wa kioo. Basi mzee akawaita Wasaidizi. Aliwaletea vipande vya tango kutoka nyumbani kwangu, tango nililonunua mimi kwa ajili ya kachumbari. Wakanenepa. Ngozi ikawa ngumu kama bati, miiba ikawatoka mgongoni na mbavuni, kila mmoja akawa na urefu wa mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, mpaka wagonjwa wakaanza kuliogopa tangi kuliko koleo.

Daktari alipozeeka akaamua kwenda kukaa na binti yake mbali. Aliuza kile kiti cha kulalia wagonjwa, akauza mashine, na siku ya mwisho akamwachia mzee agizo moja. Alimwambia hawa samaki si wa huku, asimpe mtu, asiwatupe wakiwa hai, awamiminie dawa kali ya kusafishia choo kisha awafukie. Mzee akasema ndiyo, daktari. Alisema ndiyo, daktari, kama alivyosema kila siku kwa miaka thelathini na mmoja, ila siku hiyo alikuwa anadanganya.

Siku yenyewe naikumbuka. Alirudi nyumbani suruali imelowa hadi mapajani, amebeba katoni ya karatasi za kliniki aliyoachiwa kama zawadi, na uso umemng'aa kama mtu aliyetoka kubarikiwa. Akatuambia samaki amempa bwana mmoja mwenye bwawa kubwa. Sisi tukasema vizuri. Dada yake akauliza tu ndoo yake ya bluu iko wapi, maana alikuwa amemwazima tangu asubuhi, naye akamrudishia, imesuuzwa vizuri.

Huyo dada yake ndiye tunayemwita Shangazi. Amemzidi miaka kumi na mmoja. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamfundisha kufunga viatu, na akamtafutia ile kazi ya kliniki kwa kumkalia daktari kooni wiki nzima. Anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu, na maisha yake yote amekuwa mvuvi wa mtoni. Mitego yake ni migono, ile mirefu ya kufuma kwa vijiti, samaki akiingia hajui njia ya kutokea. Anategea samaki wadogo wenye mstari mwekundu ubavuni, tunawaita samaki wa mawe, kwa sababu wanakula utelezi wa kwenye mawe na mayai yao wanayataga chini ya hayohayo mawe. Hawafiki hata urefu wa kiganja. Lakini Shangazi alisomesha watoto watatu kwa samaki hao, na ukimwambia ni wadogo anaacha kukusalimia.

Miaka sita ikapita. Mwaka wa tatu Shangazi alisema mto umelala. Mwaka wa nne akasema mto unaumwa. Mwaka wa tano hakusema kitu, alikuwa akirudi na migono mitupu, anaitundika ukutani kimya, na sisi tunajifanya hatujaona. Halafu asubuhi moja akaingia jikoni kwangu bila hodi, mgono umechanika mkononi, akabwaga sakafuni dude jeusi lenye miiba.

Nikachukua kisu. Kisu kiliteleza kama nimekata mlango wa bati. Nikabonyeza kwa nguvu, ncha ikavunjika. Shangazi akasema lile dude limekufa zamani, amelitembeza juani kutoka mtoni, na akaenda kwake kutafuta koleo ili tulibandue hiyo ngozi tuone kama ndani kuna nyama. Nikaliacha pale, nikaendelea na vyombo vyangu. Muda si mrefu nikasikia kitu kinakwaruza. Kugeuka hivi, maiti inatembea! Linajivuta kwa mapezi, taratibu, kuelekea chini ya kabati. Nilipanda juu ya kigoda sijui nilipandaje.

Baba mkwe alikuja mbio kwa kelele zangu. Akapiga magoti, akachungulia chini ya kabati, na nikamsikia kwa masikio yangu mwenyewe akisema kwa sauti ya chini, "Msaidizi?"

Halafu akanyanyua uso. Ulikuwa umepauka kama majivu. Shangazi aliporudi na koleo akamkuta ndugu yake amekaa sakafuni, akadhani ni presha. Samaki alikuwa ndani ya beseni langu la kufulia, ametiwa maji na kipande cha tango. Nilimwambia Shangazi ni mimi niliyemtia humo, beseni lilikuwa hapohapo. Ndivyo nilivyoanza kusema uongo kwa ajili ya yule mzee.

Jioni nilimbana kwenye karo la kuoshea vyombo, akamwaga yote. Hakukuwa na bwana wala bwawa. Alikwenda na ndoo ya dada yake hadi juu ya maporomoko madogo, akawaachia mmoja mmoja, akawatakia maisha mema. Alifikiri sita tu, katika mto mzima, watamdhuru nani? Nikamwambia wale sita wamezaa. Akasema anajua. Nikamwambia wanakwangua kila jiwe hadi linang'aa, utelezi na mayai ya wenzao wanafagia pamoja. Akasema anajua. Nikamwambia basi kamwambie dada yako. Hapo akalia, mtu mzima na mvi zake, sabuni imemjaa mikononi, akaniapisha nisiseme. Nami, mpumbavu, nikaapa. Kilichomtisha haikuwa aibu ya mtaa. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemlea, na mto wa mtu huyohuyo ndio alioharibu.

Laiti mambo yangeishia kati yao wawili. Lakini Shangazi si mtu wa kupoteza samaki bila kumpata mwenye kosa, na mwenye kosa alimpata jirani.

Mama Sabuni ni rafiki yake wa kufa na kuzikana tangu wakiwa wasichana. Anapika sabuni za vipande kwenye banda lake pale ukingoni, anazipanga kwenye vichanja zikauke. Sasa hawa samaki bati, jina hilo tayari lilikuwa limeshaenea, wana tabia moja mbaya zaidi ya kula. Wanachimba. Dume linatoboa ukingo wa mto shimo refu kama mkono, linakaa humo na mayai. Mashimo kumi hayana neno. Mashimo mia nne, ukingo unakuwa kama chujio. Wiki moja baada ya lile tukio la jikoni kwangu, ukingo wa Mama Sabuni uliporomoka mchana kweupe na vichanja vitatu vya sabuni juu yake. Mto ulitoa povu hadi saa kumi. Watu waliokuwa wakifua huko chini walisema hawajawahi kupata nguo nyeupe namna ile.

Shangazi alisimama ukingoni akaliangalia lile povu, na hesabu zote zikamjia kichwani. Kumbe! Ndiyo maana samaki wamekufa. Miaka yote hii shoga yake anamwagia mto sabuni, halafu anakuja kwake kunywa chai. Mama Sabuni akamwambia tone la sabuni yake halijawahi kuingia mtoni mpaka leo ardhi ilipoondoka chini ya miguu yake. Shangazi akamwambia ardhi yenyewe imemkimbia. Maneno yakawa makubwa, yakatajwa mambo ya tangu ujana, hata kitambaa cha kichwa kilichoazimwa na hakikurudi. Shangazi akaenda ofisi ya mtaa, akaandikisha malalamiko. Kikao kikapangwa Alhamisi. Kama Mama Sabuni angeonekana na kosa, banda lingebomolewa na ahame ukingoni, na hana kwingine.

Hapo mimi nikachemka. Mama Sabuni alikuwa bado anatuletea vile vipande vilivyovunjika, anapita mlango wa nyuma ili Shangazi asimwone, na Baba mkwe anampokea kwa mikono miwili, "Pole sana, mama, pole kwa matatizo," kisha anaingia chumbani, chakula hagusi. Jumatatu ya wiki ya kikao nilimfuata. Nikamwambia nimemheshimu kama baba, na kiapo nimekishika, lakini kiapo changu kinaisha Alhamisi saa nne asubuhi. Asiposema yeye nitasema mimi, tena nitasimama kwenye benchi.

Aliwaza siku mbili. Jumatano akanipa barua, ameikunja mara nne na kuibandika gundi pande zote kama paketi ya mbegu. Akaniambia amepata njia. Ameandika kila kitu bila jina, Mama Sabuni ataokoka, na hakuna atakayejua nani. Nikaona ni njia ya mwoga, lakini afadhali mwoga kuliko bubu. Nikaenda nikaipenyeza chini ya mlango wa mwenyekiti wa mtaa.

Alhamisi ofisi ilijaa mpaka madirishani. Shangazi upande huu, Mama Sabuni upande ule, kila mmoja anaangalia ukuta wake. Alikuwepo na bwana samaki, ndivyo tunavyomwita afisa wa uvuvi, kijana mpole mwenye ndala na kitabu chenye picha. Mwenyekiti akafungua kikao, akasema kabla ya yote amepokea barua isiyo na jina, na kwa haki ya pande zote ataisoma kwa sauti. Mzee alikuwa amekaa pembeni yangu. Alikunja mikono kifuani na kuweka uso wa mtu asiyehusika.

"Poleni na majukumu," mwenyekiti akasoma. "Mimi ni mwananchi mmoja ambaye hamnifahamu."

Mtu akakohoa nyuma.

"Pole nyingi zimfikie Mama Sabuni, hana kosa. Poleni wavuvi. Hao samaki wametiwa mtoni na mtu mwenye nia njema, ambaye sasa hali wala halali, na hata hao samaki wenyewe ukiwaangalia vizuri utaona hawakupenda, pole yao."

Kufikia hapo watu walikuwa wanatazama sakafu, mabega yanatikisika. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekuwa anasoma kwa dhati. Alipofika mwisho akainua karatasi ili watu waone kwamba kweli haina sahihi. Na sisi sote tukaona, juu ya karatasi, katikati kabisa, jino kubwa la bluu lenye mizizi miwili, linatabasamu, na chini yake maandishi, Tabasamu Lako Ndiyo Kazi Yetu.

Ile katoni, jamani. Kwa miaka sita nyumba yetu yote imeandika kwenye karatasi zile. Orodha ya sokoni, ruhusa za shule za wanangu, hata mchango wa msiba tuliupeleka na jino. Mtaa mzima unalijua lile jino. Ni sisi tu wa ndani tuliokuwa tumeacha kuliona, na mimi, niliyemtishia kusimama kwenye benchi, ndiye niliyelipeleka kwa mkono wangu.

Kicheko kilipasua ofisi. Mwenyekiti aliigeuza karatasi, akaliona, akakaa chini. Watu wakageuka kumtazama Mzee Pole, wengine wanafuta machozi kwa kucheka, mpaka wakamwona Shangazi amesimama. Amekwenda mbele, ameichukua barua mkononi mwa mwenyekiti. Hawezi kusoma vizuri bila miwani, lakini jino halihitaji miwani.

Baba mkwe akasimama. Sikutegemea. Akasema yote kwa sauti ya kawaida, daktari, dawa ya choo, ndoo, maporomoko, maisha mema. Akageuka kwa Mama Sabuni akamwambia amemwacha abebe kosa lake siku kumi na moja na amezihesabu. Hakujitetea. Cha ajabu, mtu aliyegawa pole maisha yake yote, ilipofika zamu ya dada yake alifungua mdomo na hakuna kilichotoka.

Shangazi alimuuliza swali moja.

"Ndoo ilikuwa yangu?"

"Ndiyo, Dada."

Akaikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akaiweka mezani, akatoka nje. Hakuonekana kwetu siku hiyo. Jioni nilimwona akiingia kwa Mama Sabuni bila kubisha hodi, na baada ya nusu saa ya kelele nikasikia wanacheka, kwa hiyo huko kuliisha. Kwetu hakukuisha. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Nikipita kwake ananipokea vizuri, ananiuliza wajukuu, ananiuliza mume, ukimtaja mzee anauliza kama mvua itanyesha.

Malalamiko yalifutwa palepale kikaoni. Bwana samaki ndiye aliyepata nafasi ya kusema mwisho, na alisema kitu ambacho hakuna aliyekipenda. Samaki bati hatutawamaliza. Wanaweza kupunguzwa tu, kipindi hiki maji yako chini na mashimo yanaonekana, kwa kuingiza mkono shimoni na kulivuta dume litoke, na mayai kuyatoa. Wavu hausaidii, wanauchana. Na samaki akishatoka harudishwi, ni kuuawa palepale. Akauliza nani atajitolea. Baba mkwe akanyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Kha, nikasema moyoni, tumekwisha.

Jumamosi ya kwanza alikwenda mtoni na mchi wangu wa kutwangia vitunguu saumu. Aliuchukua bila kuniomba, maana alijua jibu. Nilimfuata kuukomboa mchi, nikamkuta ameingia maji ya magoti, mkono hadi begani ndani ya ukingo, uso umegeuka pembeni. Akalivuta dume moja, kubwa, likamchoma kiganja, akaliweka juu ya jiwe. Akainua mchi. Akaushusha taratibu. Akainua tena. Yule samaki akamtazama, wana macho madogo ya kuudhi. Walikaa hivyo mpaka jua lilipokuwa utosini. Nilitaka kumnyang'anya nimalizie, mimi sina subira, lakini nikajizuia, maana niliona hili si langu. Mwishowe akafumba macho, akasema, "Pole," akapiga. Akakaa kwenye jiwe akalia kama siku ile kwenye karo la vyombo.

Siku ile aliua mmoja. Jumamosi iliyofuata wanne. Kufikia mwezi wa pili wa kazi ile alikuwa anamaliza thelathini, arobaini, na kila mmoja na pole yake. Vuta, pole, piga. Vuta, pole, piga. Mtaa ukaja kutazama, watu wakaleta na vigoda. Baadaye wengine wakaona haya kukaa bure, wakakunja suruali wakaingia majini. Samaki tulifukia kwenye bustani kama mbolea. Mama Sabuni alijaribu kuchemsha mafuta yao apate sabuni, akapata kitu ambacho hata nzi walikihama, tukakifukia nacho. Na mchi wangu sikuutaka tena, nikanunua mwingine na kuuficha chini ya kitanda.

Shangazi hakuja hata siku moja. Lakini nyumba yake inatazama mto, na kila Jumamosi pazia lake la dirishani lilikuwa limesogezwa kiasi cha jicho. Mzee alikuwa anajua. Alifanya kazi kwa upande uleule unaoonekana dirishani, hata kwa siku ambazo upande wa pili ulikuwa na mashimo mengi zaidi. Nyumbani alikula kidogo na kuongea kidogo, na kila tukisikia mlango anainua kichwa.

Jumamosi moja, mwezi wa tano wa kazi ile ukianza, nilikuwa nimekaa ukingoni nikihesabu, maana bwana samaki alitaka idadi. Nikaona kivuli pembeni yangu. Shangazi, amevaa gauni lake la mtoni, mgono mmoja uliotengenezwa upya begani, na ile ndoo ya bluu mkononi. Akakaa juu ya jiwe bila kumsalimia mtu. Ndugu yake alikuwa amempa mgongo, hajamwona. Vuta, pole, piga. Shangazi akamsikiliza kwa samaki saba, nilihesabu.

Kisha akasema, "Samaki unawaomboleza vizuri. Mimi je?"

Mzee akageuka, mchi ukamponyoka ukaangukia majini. Alisimama majini mikono inachuruzika, na neno lake la siku zote likatoka lenyewe. "Pole, Dada."

"Hapana," Shangazi akasema. "Pole anapewa mtu aliyeumizwa na mwingine. Mimi umeniumiza wewe. Nipe lingine."

Nilitamani nisiwepo. Nilimwona mzee kama nisivyowahi kumwona, mtoto wa miaka minne aliyefungiwa viatu.

"Nisamehe, Dada," akasema. "Nimekuharibia mto wako."

Shangazi hakusema amesamehe. Alitazama kule mbali maji yanakopinda, kisha akaisukuma ile ndoo mbele kwa mguu. Akamwambia amekuta vitu hivyo kwenye mgono asubuhi, pale chini ya banda ambapo mashimo yamesafishwa, na hana nguvu za kuinama, basi atoe yeye. Tukachungulia. Samaki wa mawe wawili, si wakubwa, mistari yao myekundu imewaka kama imepakwa asubuhi ileile. Tangu mwaka wa nne nilikuwa sijawaona.

Baba mkwe aliibeba ndoo kwa mikono miwili mpaka penye mawe. Akaiinamisha, maji yakafika mdomoni mwa ndoo, halafu akaacha. Akairudisha wima. Akamgeukia dada yake, uso umejaa wasiwasi wa kweli, akamuuliza, "Dada, una uhakika hawa ni wa hapa?"

Shangazi alicheka mpaka ikabidi ashike bega langu. Alicheka hadi machozi, na mimi nikacheka, na yule mzee akabaki amesimama na ndoo yake kama mtu anayengoja ruhusa ya maandishi. Alipopata pumzi, Shangazi akamwambia ndiyo, ni wa hapa, walikuwa hapa kabla yetu, amwage taratibu, halafu ndoo airudishe.